Tumehamisha seva zetu za gemu kutoka Ujerumani kuja Nairobi, miezi minne baadaye

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, vipi huko mlikohamia kuko poa au mmeruka majivu mkakanyaga moto, nimejibu mara nyingi hadi nimeona bora niandike yote sehemu moja. Majina ya kampuni siyaweki, ile ya zamani sitaki kumharibia mtu biashara kwa yaliyonikuta mimi, na hii mpya sitaki mtu adhani nimelipwa. Jueni tu kwamba ya zamani mashine zake ziko Frankfurt, mpya ziko Nairobi, na sisi wachezaji wengi tuko Mwanza.

Tuna seva mbili. Moja ni Minecraft, gemu ya kujenga dunia kwa bloku, tulianza 2022 na madogo kama kumi na moja wa Nyegezi na Mkolani, leo kwa wiki wanaingia zaidi ya mia mbili, wengi Mwanza lakini wapo wa Bukoba, Musoma, Geita, na majirani wa Kisumu na Entebbe. Ya pili ni CS 1.6 (Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi), hiyo ni ya watu wazima, wale waliokulia kwenye intaneti kafe za mjini na mpaka leo Ijumaa usiku hawataki kusikia gemu nyingine.

Hao wa Minecraft wanajenga Ziwa. Kuna Jiwe la Bismarck, kuna gati la Kamanga, kuna uwanja wa CCM Kirumba, na kuna Daraja la Kigongo–Busisi ambalo walianza kulijenga la kweli likiwa bado halijaisha. La kweli lilifunguliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kilomita 3, na kwenye Minecraft bloku moja ni mita moja, kwa hiyo la madogo lina bloku elfu tatu toka Kigongo hadi Busisi. Wakipanda kivuko kwenda Sengerema walikuwa wanapiga picha za nguzo na simu, usiku wanatumiana, wanahesabu, wanabomoa walichokosea wanajenga upya. Mimi nawalipia seva tu, lakini nilikuwa naingia usiku nasimama juu ya lile daraja naliangalia.

Daraja hilo ndo lililotuhamisha.

Mwezi wa saba seva ya Frankfurt ilizima jioni, ikarudi usiku bila maelezo, dogo mmoja akanipigia simu anahema, kaka katikati ya daraja hamna kitu. Nikaingia, kweli, unatembea toka Kigongo vizuri halafu daraja linakatika kama limekatwa na kisu, maji matupu, halafu mbele kule linaanza tena. Minecraft haihifadhi dunia kwenye faili moja, inaikata vipande vya bloku 512 kwa 512 na kila kipande kina faili lake lenye mwisho wa .mca, kwa hiyo daraja zima lilikuwa limekaa kwenye faili kama sita au saba hivi. Diski yao ilikuwa imeharibika, faili moja likafa, na gemu ikikuta kipande hakisomeki inakitengeneza upya kama siku ya kwanza ya dunia. Siku ya kwanza ya dunia pale palikuwa maji.

Nikasema sawa, si wana bekapu ya kila siku, imeandikwa kwenye tangazo lao. Nikafungua tiketi, yaani nikawaandikia ombi la msaada. Jibu lilikuja baada ya saa 31, na jibu lenyewe ni kwamba bekapu ya mwisho iliyo nzima ni ya siku 19 nyuma, na kama nataka za kila siku zenye uhakika niongeze hela kwa mwezi. Siku 19 za likizo ya shule! Hapo ndo watoto wanajenga usiku na mchana. Sikujibu ile tiketi, nikaanza kutafuta pa kuhamia usiku huo huo.

Sasa nieleze kwa nini Nairobi, maana hapa ndo watu wanabisha sana.

Wakati natafuta nilikuwa nimeshachoka na namba za matangazo. Kule Frankfurt tulikuwa na RAM 8 GB na wachezaji bila kikomo kwa dola 11, ukisoma unaona umeokota dhahabu Geita. Lakini Minecraft kazi yake kubwa inafanyika kwenye kori moja ya prosesa, na inatakiwa ipige hesabu za dunia nzima mara 20 kwa sekunde, yaani kila mzunguko una milisekunde 50, ukizidi hapo ng'ombe wanaanza kurudi nyuma, ukivunja bloku inarudi, mlango unafunguka baada ya wewe kupita. Sisi jioni wakiingia watu 30 tulikuwa tunashuka hadi mizunguko 11. RAM ilikuwa bado imejaa nusu tu! Kilichokuwa hakitoshi ni prosesa, na haikutosha kwa sababu tulikuwa tunagawana na watu tusiowajua. Ni kama nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani, mwenye nyumba anakwambia maji yapo saa 24, ni kweli yapo, lakini saa kumi na mbili asubuhi mko wapangaji kumi na nane na ndoo zenu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila kampuni lilikuwa hilo, prosesa gani, na kori ni zangu peke yangu au nagawana. Wengi walinijibu kwa kunitajia RAM. Hawa wa Nairobi walinitajia aina ya prosesa, wakaniambia kori nne ni zako, na wakaniambia nipime mwenyewe. Ukiwa na VPS (sehemu ya mashine kubwa unayokodi) ya Linux unaandika top, kuna namba ya mwisho kwenye mstari wa CPU imeandikwa st, hiyo ni muda ambao mashine yako ilitaka kufanya kazi ikanyimwa kwa sababu jirani ametumia. Walinipa siku tatu za kujaribu bure, nikaiangalia asubuhi mchana usiku, haikupita 0.3. Nimeiangalia tena jana, bado iko hivyo.

Swali la pili ni umbali. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Mwanza hadi Frankfurt ukipiga mstari ulionyooka angani ni zaidi ya kilomita 6,000, kwenda na kurudi ni zaidi ya 12,000, hapo tayari ni milisekunde 60 hata kama njia ingekuwa imenyooka, na haijanyooka, inashuka pwani, inaingia baharini, inazunguka. Sisi pingi, yaani milisekunde za kwenda seva na kurudi, ilikuwa 170 hadi 190 siku nzuri. Hakuna hela ya kuinunua hiyo ikashuka. Mtu akikuuzia RAM ili upunguze pingi anakuibia.

Wengi waliniambia nenda Johannesburg, kampuni kubwa za dunia zina vituo huko, na ni kweli zipo. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya 2024. Februari mwaka huo nyaya za intaneti za Bahari ya Shamu zilikatika, wa Seacom ukiwemo, tukawa tunategemea zaidi njia ya kusini, halafu Jumapili ya Mei 12 EASSy na Seacom zikakatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mnaikumbuka wiki ile. Tulikuwa tumekaa vijana wanne chumba kimoja Nyegezi, simu na kompyuta zote ziko mkononi, hatuwezi kucheza pamoja kwa sababu chumba chetu cha kuchezea kiko Ujerumani na njia ya kufika huko iko chini ya bahari imekatika. Ningekuwa Johannesburg ningeumia vile vile. Nairobi kutoka Mwanza ni kilomita mia nne na hamsini hivi angani na kuna njia za nchi kavu, halafu pale kuna KIXP, sehemu ambayo mitandao inabadilishana mizigo bila kuipeleka Ulaya kwanza, na hiyo inawasaidia wenzetu wa Kisumu na Entebbe pia.

Na kabla mtu hajasema kwa nini usiweke seva nyumbani Mwanza pingi iwe 5: tulianza hivyo. Umeme ni tatizo moja, kubwa zaidi ni kwamba intaneti nyingi za majumbani hazikupi IP (anwani ya namba ya kwenye mtandao) yako ya wazi, mnawekwa nyumba nyingi nyuma ya IP moja, wewe unatoka nje vizuri lakini wa nje hawezi kukugongea mlango.

Kuhama kwenyewe kulichukua usiku mmoja na maandalizi ya siku nne, na hapa naandika kwa kirefu kwa sababu nilitafuta maelezo ya Kiswahili sikupata.

Siku ya kwanza nilishusha TTL ya domeni yetu (jina ambalo watu wanaandika kuingia) kutoka saa 24 hadi sekunde 300. TTL ni muda ambao mitandao inaruhusiwa kukumbuka domeni yako inaelekea wapi, usipoishusha mapema utahama wewe lakini watu wataendelea kupelekwa nyumba ya zamani siku nzima. Hii ifanye kabla, siyo siku ya kuhama, maana hata hiyo mabadiliko yake yanasubiri ile saa 24 ya zamani iishe.

Dunia yetu ilikuwa GB 23. Usije ukashusha kwenye laptopu yako Mwanza halafu upandishe Nairobi, utamaliza bando na roho. Vuta kutoka seva kwenda seva. Kampuni ya zamani ilitupa SFTP tu, njia ya kawaida ya kuhamisha faili, rsync inayovuta zilizobadilika tu hamna, kwa hiyo nilikaa upande wa Nairobi nikatumia programu ya lftp na amri yake ya mirror, inavuta folda nzima, na ukiirudia inavuta zilizobadilika peke yake. Nikavuta mara ya kwanza watu wakiwa wanacheza, ila kabla ya kuvuta nikaandika save-off halafu save-all flush ili gemu imalize kuandika na iache faili zitulie, nikimaliza nawasha save-on. Ilichukua saa tano na nusu. Usiku wa kuhama nikafunga seva saa sita, nikavuta tena, zikaja zilizobadilika tu, dakika 14.

Saa saba na nusu usiku nikaita madogo wawili wajaribu. Mmoja akaingia akanyamaza. Nikamuuliza vipi, akasema kaka mfukoni sina kitu, niko kama mtu mpya. Aisee moyo ulinipasuka. Mali yote ya mchezaji, vitu vyake, alipolala, iko kwenye faili lake dogo ndani ya playerdata, na jina la faili hilo siyo jina la mchezaji ni UUID, namba ndefu. Sisi mbele tuna Velocity, programu inayopokea watu halafu inawapitisha ndani kwa Paper, programu inayoendesha dunia yenyewe, na mimi kwenye mashine mpya nilikuwa nimesahau kuweka ule ufunguo wa siri unaofanana pande zote mbili na kuwasha forwarding, yaani Velocity kumpasia Paper utambulisho wa mchezaji, kwa hiyo Paper ilikuwa inampa kila mtu UUID nyingine, inamfungulia faili jipya tupu. Mali zilikuwepo zote, zilikuwa zinasubiri mwenyewe aje na jina lake sahihi. Nikazima, nikarekebisha, nikafuta yale mafaili mapya mawili, dogo akaingia tena akapiga kelele. Ukihama, jaribu na watu wawili kabla ya kufungua mlango kwa wote, nakuomba sana, maana wangeingia mia moja wakaanza kuokota vitu upya ingekuwa balaa kuwaunganisha.

Kitu kingine kilichotusumbua ni wa simu. Wachezaji wetu zaidi ya nusu wako kwenye simu, wanaingia kupitia Geyser, programu inayowaunganisha wa simu na seva ya kompyuta, na Minecraft ya simu haisomi rekodi ya SRV, ile inayoficha namba ya poti (mlango wa seva). Wa kompyuta walihamishwa bila kujua. Wa simu wengi walikuwa wamehifadhi IP ya namba, siyo domeni, kwa hiyo waliendelea kugonga Frankfurt siku tatu. Dogo mmoja wa Igombe alidhani tumemfungia, alinitumia ujumbe anaomba msamaha wa kosa ambalo hakulifanya. Nilijisikia vibaya sana. Tangazeni mapema, kwa picha, onyesheni pa kuandika domeni na poti 19132.

CS 1.6 ilichukua dakika ishirini, folda ni ndogo, poti 27015, kwisha.

Sasa matokeo. Minecraft, watu 41 Jumamosi iliyopita, mizunguko 20 haijashuka, kila mzunguko unatumia milisekunde 18 hadi 24 kati ya zile 50. Pingi toka Mwanza kwa faiba ni 38 hadi 45, kwa simu inacheza 60 na 80 kutegemea na mnara. Kuna mtandao mmoja wa simu ambao bado unapeleka Nairobi kwa kuzunguka mbali, wa huko wanapata 190 kama zamani, nimepima njia nimeona pakiti inavuka bahari halafu inarudi, hilo kampuni ya seva haina uwezo nalo. Ila wanaume wa CS ndo walioniambia kwa maneno mazuri zaidi. Kwenye CS seva inarudisha muda nyuma kidogo ili kuangalia wewe uliyepiga uliona nini kwenye kioo chako, kwa hiyo mwenye pingi kubwa akikupiga wewe unakufa ukiwa ushajificha nyuma ya ukuta. Miaka miwili tumegombana kwa sababu hiyo, watu wameitana wezi. Ijumaa ya kwanza Nairobi mzee mmoja wa Mabatini akaandika, leo nikifa najua nimekufa.

Huduma kwa wateja ni kitu ambacho sikutegemea. Wiki ya pili mashine ilikata saa nane usiku, nikaandika tiketi, dakika 12 nikajibiwa na mtu, kwa Kiswahili, "sawa boss wacha nicheki", baada ya nusu saa akarudi akaniambia swichi yao ilikuwa na tatizo, ilianza saa ngapi na imeisha saa ngapi, hakuficha, na mwisho wa mwezi walipunguza bili bila mimi kuomba. Mtu akikwambia ukweli saa nane usiku unalala.

Mabaya yapo na nayasema. Bei imepanda, tunalipa shilingi 4,200 za Kenya, kwetu ni elfu themanini na kitu kwa mwezi, karibu mara tatu ya zamani. Tunachangishana, kuna wazazi wawili wanatuma kila mwezi, na vyeo tunavyouza ni vya mapambo tu maana masharti ya Minecraft hayaruhusu kuuza nguvu ndani ya gemu. Malipo yao ni ya kikwao-kwao, ya Kenya, mwezi wa kwanza alitulipia shemeji yangu aliyeko Kisumu, kadi ya mtandaoni niliyotengeneza kwenye simu iligoma mara mbili ikakubali ya tatu. Kinga dhidi ya mashambulizi ni ndogo ukilinganisha na Ulaya, mwezi wa kumi kuna mtu alitumwagia pakiti za UDP, yaani takataka za data nyingi kwa mpigo, wao njia yao ilipojaa wakatuzima dakika 40 ili wateja wengine wapone, niliwaelewa lakini niliumia. Kama seva yako ni ya mashindano yenye hela na maadui, hilo lifikirie sana. Na bekapu pia hapa ni za kulipia, tofauti ni kwamba wamesema wazi kabla sijalipa. Hata hivyo siwategemei, kila usiku saa kumi mashine inajitengenezea nakala na inaituma sehemu nyingine kabisa, na Jumapili moja kwa mwezi naifungua nakala mojawapo naingia naangalia kama daraja lipo. Kumbukeni tu saa, mashine ilikuja na UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kazi niliyoipanga saa kumi usiku ilikuwa inafanyika saa moja asubuhi watoto wakiwa ndani.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja wataipata wakirekebisha kinga.

Kuhusu lile shimo. Kwenye ile bekapu ya siku 19 niliomba folda nzima ila nilichomoa faili moja tu la .mca, la kipande kilichokufa, nikaliweka mahali pake Nairobi kabla ya kufungua, kwa hiyo nguzo zilirudi, barabara ya juu ilikuwa bado. Madogo walimaliza kwa usiku nne. Yule aliyenipigia simu anahema ndo aliyeweka taa za mwisho, akaniita niende, tukatembea wawili toka Kigongo hadi Busisi bila kuruka bila farasi, ni mwendo wa dakika kumi na mbili hivi, na njia nzima hakuna bloku iliyorudi nyuma.